Chipu Nane na Kipande cha Godoro

Aliyenistaafisha mimi si bosi wala serikali, ni macho. Majuzi kijana mmoja kaniletea simu, kaniambia mzee, angalia hapo kuna kidude kimeungua. Nikachukua lenzi, sikuona. Nikaweka lenzi juu ya lenzi, nikaona kidude cheusi kimelala pembeni. Nikasema ndiyo huyu, nikamshushia chuma cha moto. Akaruka. Kumbe kiroboto. Siku hiyohiyo nikafunga meza.

Sasa nyie vijana mnaofungua simu pale stendi ya Kahama mmenisumbua niandike nilivyofanya kazi. Shule mimi niliishia la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilikaa karibu na dirisha. Kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato, someni tu. Mambo ya cheo hamtayaona humu. Cheo changu kilikuwa fundi, nimeanza nacho na nimemaliza nacho, hakikuongezeka hata herufi.

Nilianzia Nyahanga, dukani kwa Mzee Hasham. Huyu mzee ni Mhindi kwa sura, lakini kazaliwa hapohapo, na Kisukuma chake kilikuwa kinanishinda mimi niliyenyonya nacho. Akina mama wa shamba walikuwa wanapita duka la Msukuma mwenzao wanaingia kwake, ili tu awasalimie "mwangaluka mayu" kwa sauti ile ya kwake ya puani. Alikuwa anauza majembe, kandili, betri na redio. Mimi nilienda na redio ya mjomba imekufa. Nikiwa nasubiri zamu nikaipiga kofi moja la ubavuni, ikaimba.

Mzee Hasham akanitazama juu ya miwani. "Umejuaje pa kupiga?"

"Nimesikia panacheza, mzee. Kuna kitu kimelegea ndani."

"Ng'ombe je, unawapiga hivyohivyo?"

"Ng'ombe nawabembeleza. Ng'ombe ana pembe."

Akasogeza kibao kwa mguu, akasema kaa hapa. Nikakaa. Nilikaa mpaka kile kibao kikachukua umbo la makalio yangu, mtu mwingine akikalia anateleza.

Vifaa vyangu vya siku ya kwanza mkivisikia mtacheka. Chuma cha kuchomelea tulikuwa tunakipasha kwenye jiko la mkaa, kama unachoma mahindi. Waya wa risasi wa kuyeyusha. Mswaki wa meno, ambao Mzee Hasham alinikataza kuurudisha nyumbani. Kopo la petroli la kusafishia. Mita ya kupimia umeme ilikuwepo moja, anaishika yeye. Mita yangu mimi ilikuwa ulimi. Betri naigusa kwa ulimi nakwambia hii imebaki na taarifa ya habari mbili na mechi nusu. Na kidole hiki cha shahada kilikuwa kinajua joto. Redio ikizingua nilikuwa napitisha kidole juu ya vile vidude, kimoja kimoja, kinachochoma ndiye mgonjwa. Ndani ya redio za vijijini nimetoa mende wanaoweza kujaza debe, na kwenye redio moja ya Ushetu nimekuta tumbaku imeota. Sawa, haikuota. Ila mbegu zilikuwepo.

Sasa sikilizeni. Zamani ndani ya redio kulikuwa na kijiji. Transista ana nyumba yake, kapasita ana nyumba yake, kila mmoja anajulikana kwa jina, akiugua unamjua, unamtoa, unaweka ndugu yake. Transista alikuwa kama punda. Unamwangusha, unamwosha kwa petroli, unamchoma, bado anabeba. Halafu ile miaka ya tisini ilivyokuwa inaanza, zikaanza kuletwa redio ambazo ukifungua unakuta jongoo mmoja mweusi kalala katikati, miguu huku na huku. Hiyo ndiyo chipu. Kijiji kizima kimehamia tumboni mwake. Ukimpitishia kidole, wote ndani ni yeye. Akifa, kafa na watu wake wote, na wewe fundi huna hata pa kutoa pole.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa utulivu. Nilikuwa nakaa kwenye kibao naona kama kinaniunguza. Najiuliza, wakimaliza kuhamisha kijiji kwenye redio, wakahamia na kwenye kaseti, na kwenye saa, mimi na mswaki wangu tutakula wapi? Mzee Hasham ananiambia tulia, Nkwabi. Natulia mpaka saa nne. Saa tano niko barabarani nauliza madereva kama huko Mwanza mafundi bado wapo.

Siku moja ikaja gari ya kampuni ya utafiti wa dhahabu. Walikuwa na kambi porini, ukitoka Kahama unashika njia ya Geita, mwendo wa nusu siku kwa lori, ukiwa na bahati na lori likiwa na breki. Akashuka mwanamke mwembamba, viatu vya buti, suruali ina vumbi mpaka mfukoni. Hilo lilikuwa jambo, kwa sababu wenzetu wa kwenye machimbo wakati huo mwanamke walikuwa hawamtaki hata karibu na shimo, wanasema dhahabu inakimbia. Huyu ndiye alikuwa mkuu wa kambi. Dada Neema, mjiolojia.

"Nasikia hapa kuna fundi anayetibu kwa kidole," akasema.

Mzee Hasham akaninyooshea mimi, kwa sababu kidole chake yeye kilikuwa kinahesabu misumari ya mteja.

Alichonieleza ni hiki. Wamechoronga ardhi miezi mingi, wanatoa mawe marefu kama miwa, na kila jiwe limeandikwa ndani ya kompyuta. Yeye anaamini mwamba wenye dhahabu haujaishia pale wanapodhani wengine, umepinda kwenda mashariki. Lakini kuamini si kuonyesha. Jumamosi ya wiki inayofuata wakubwa wanakuja kwa ndege ndogo, wanataka kuiona hiyo ramani kwa macho. Wakiiona, uchorongaji unaendelea. Wasipoiona, kambi inafungwa, watu wote wanarudi makwao, na yeye anarudishwa ofisini mjini kupanga mafaili. Na jana yake jenereta lilikohoa, umeme ukapanda, kompyuta ikazimika. Sasa ikiwashwa inapiga mlio tu, pi, pi, pi.

"Mimi kompyuta sijawahi kufungua, dada," nikamwambia.

"Mimi pia jenereta sijawahi kufungua, na nimelifungua jana. Panda."

Nikapanda. Mtu asiyetulia humwombi mara mbili.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama kreti la soda. Nikaifungua, nikakuta majongoo. Si mmoja, ukoo mzima. Kwenye kona moja wamepangwa kumi na sita wadogo, sare moja, kama wanafunzi mstarini. Dada Neema akaniambia hiyo ndiyo kumbukumbu, hapo ndipo mashine inaposhika mambo kichwani wakati inafanya kazi. Ramani ni kubwa, inataka wote kumi na sita, akikosa mmoja haifunguki. Nikasema washa. Nikapitisha kidole. Wengine vuguvugu, saba wanachoma kama kaa la jiko. Nikamwambia hawa saba marehemu.

Akanitazama. "Una uhakika?"

"Dada, kidole hiki kimeshika redio za wilaya nzima na nusu ya ile ya jirani."

Akapiga simu ya upepo Kahama, Mzee Hasham akapiga simu kwa shemeji yake Nairobi, wakaagizwa wanane, mmoja wa akiba. Walikuja kwa basi mkono kwa mkono, wakafika Kahama Jumatano jioni. Mimi nilikuwa nimeshatangulia kurudi kuwasubiri. Kesho yake asubuhi Mzee Hasham akanikabidhi kiboksi kidogo. Ndani kuna sifongo nyeusi, na wale wanane wamechomekwa miguu ndani yake, wamejipanga.

"Wapeleke hivyohivyo walivyo," akasema. "Usiwashikeshike."

"Sawa, mzee."

Sasa hapa nataka nyie vijana msogee. Mimi nilitoka pale dukani nikafungua kiboksi kuwaangalia, maana siwezi kukaa na kitu kilichofungwa. Nikaona ile sifongo ni nyeusi kama sufuria la msibani. Ukiigusa inaacha weusi kwenye kidole. Nikasema huyu shemeji wa Nairobi katudharau. Kitu cha thamani namna hii kinatoka nchi za mbali, yeye anakifunga kwenye masizi. Miguu itaingia uchafu, itakataa kushika. Sisi mafundi tulikuwa na desturi yetu, chipu au transista mpya unaichomeka kwenye kipande cha godoro ili miguu isipinde. Basi nikapita kwa mshona magodoro, nikaomba kipande kipya, cha njano, kisafi, laini mpaka unataka kukilalia. Nikawatoa wanane mmoja mmoja, nikawafuta miguu na pindo la shati, nikawachomeka kwenye godoro. Ile sifongo nyeusi nikaitupa mtaroni. Roho yangu ikawa nyeupe.

Shati lenyewe lilikuwa la nailoni, la sikukuu. Kiangazi cha Agosti, vumbi kavu mpaka mate yanaisha. Lori lilikuwa limebeba viroba vitupu vya nailoni, mimi nimekaa juu yake na kiboksi mapajani, njia nzima nasuguana na viroba. Nikishika chuma cha bodi kinanipiga shoti, pa. Nikamwambia utingo, lori lenu lina umeme. Akasema ni shati lako, kaka. Tukacheka wote wawili. Nilicheka nusu siku nzima huku naua watu kwenye mapaja.

Nikafika kambini Alhamisi jua likiwa bado juu. Dada Neema hakunisalimia hata, alinishika mkono akanivuta hadi kwenye hema la kompyuta. Nikawatoa wale saba, nikachomeka wapya. Tukawasha. Pi, pi, pi.

Nikabadilisha nafasi. Pi, pi, pi. Nikaanza kuwajaribu mmoja mmoja, huku wale tisa wazima nawaacha kwenye nafasi zao. Kazi hiyo ilitula mpaka mpishi wa kambi, Mama Doto, akaja mara mbili kutuambia ugali umekuwa tofali. Mwisho nikawa na jibu. Kati ya wanane niliowaleta, wazima watatu.

"Tisa na watatu ni kumi na wawili," Dada Neema akasema. "Tunakosa wanne."

Kichwani tayari nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema wametoka Nairobi wakiwa wafu, shemeji wa Mzee Hasham katuuzia maiti. Maneno yalishafika kwenye meno. Yeye akawa anageuza kile kipande cha godoro mkononi.

"Hizi zilikuja zimechomekwa kwenye hii?"

Na swali lenyewe aliuliza taratibu, kama daktari anavyokuuliza ulikula nini.

"Hapana," nikasema. "Zilikuja kwenye kitu cheusi. Kilikuwa kinachafua, nikakitupa. Hili godoro nimeliweka mimi. Jipya."

Dada Neema akakaa chini. Si kwenye kiti, chini kwenye vumbi. Mama Doto aliyekuwa mlangoni na sinia akaniuliza kwa kunong'ona, "Baba, umemfanya nini?" Nikamwambia nimemletea godoro.

Hukohuko chini akaanza kunieleza, na hata hakupandisha sauti, afadhali angenitukana. Kwamba ule weusi ulikuwa makaa, umewekwa kwa makusudi ili umeme utembee kati ya miguu yote usijikusanye mahali. Kwamba godoro la kawaida likisuguliwa linazaa umeme, kama shati langu. Mimi mtu mzima nasikia shoti nacheka. Lakini ndani ya ile chipu kuna nyaya na vijumba maelfu kwa maelfu, vyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara mia, na ile shoti ya kunichekesha mimi kwao ni radi imepiga kanisani wakiwa ibada.

"Kumbe ndani kuna transista?" nikauliza.

"Ndani ni transista tupu. Walewale wako, wamepunguzwa."

Basi hapo ndipo nilipomuuliza lile swali lililonifukuza kwenye kibao. Nikamwambia dada, wanaendelea kupunguza mpaka lini? Maana ramani imeshakufa, acha nijue na kazi yangu inakufa lini.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akaokota jiwe jeupe lililokuwa linazuia pazia la hema lisipepee. Akasema chipu zinatoka kwenye jiwe kama hili na mchanga, wanayeyusha wanasafisha mpaka inabaki kitu kimoja tu, wanakikata vipande kama mkate, wanachora juu yake. Nikamwambia acha utani, hilo ndilo jiwe ambalo wachimbaji wetu wanalivunja wanalitupa wakitafuta dhahabu. Akasema ndiyo, na dhahabu yenyewe wenzetu wanaitumia kwa vinyaya vya kuunganishia miguu. Nikaona dunia nzima imegeuzwa kama kanga iliyovaliwa kinyume.

Akasema kila miaka michache wanachora nyembamba zaidi, wanajaza mara mbili ya mwanzo. Itafika siku redio yote, simu yote, kompyuta yote itaingia kwenye ukucha. "Lakini wana matatizo mawili," akasema. "Moja ni joto. Ukijaza watu wengi chumba kidogo na kila mtu anakimbia, chumba kinawaka. La pili, ukipunguza mstari sana, unafika mahali umeme unaruka ukuta, haukai ulipouweka."

"Sasa watafanyaje?"

"Hata wao wanajiuliza. Wewe ungefanyaje?"

Mimi hapo nikasahau kwamba nimeua. Nikamwambia, kwetu Usukumani shamba likiwa gumu humchapi ng'ombe mmoja akimbie mpaka afe. Unafunga wanne, wanatembea pole, jembe linakwenda. Wafunge bongo nne kwenye chipu moja, kila moja iende pole. Na kama kiwanja kimejaa, wasitafute kiwanja, wajenge ghorofa. Chipu juu ya chipu.

Akanitazama. "Na maji ya kupoza ghorofani atapandisha nani?"

"Hilo atajibu mwenye nyumba. Mimi nimetoa wazo."

Sasa nyie mnaona simu za leo, zina bongo nne, zina nane, na chipu zimepangwa ghorofa. Nasema tu, wazo hilo lilitoka kwenye hema porini njia ya Geita, na hakuna aliyenitumia hata kadi ya asante. Kuhusu joto bado hawajamaliza, wekeni mkono kwenye simu inayocheza video mtaniambia.

Lakini pale pale nilipokuwa najenga ghorofa, macho yangu yakatua kwenye printa. Ilikuwa kubwa, imekaa pembeni imefunikwa kitenge. Nikamuuliza, na hii ina kumbukumbu? Akaanza kusema ina yake, na kabla hajamaliza tuliifunua wote wawili pamoja. Nikaifungua. Ndani kuna kibao kidogo, na juu ya kibao majongoo wanne. Nikageuza kichwa nikasoma namba ya mgongoni, kusoma namba nilikuwa najua. Ni ileile.

"Usiguse," akasema Dada Neema.

Akatoka, akarudi na waya. Ncha moja akanifunga kiwiko cha mkono kama mtoto anayefungwa hirizi, ncha nyingine kwenye fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini. Shati akanivua, nikabaki na singlendi ya pamba. Mama Doto akalibeba lile shati kwa vidole viwili kama nyoka. Nikawatoa wale wanne mmoja mmoja, nimeshika pumzi, nikawachomeka kwenye kompyuta. Sijawahi kuogopa kitu kidogo namna ile. Nimeshawahi kukutana na fisi nikiwa na baiskeli ya pancha, sikutetemeka hivyo.

Tukawasha. Ikapiga pi moja, ikanyamaza. Ikaendelea. Ikachukua muda wa kupika maharage, halafu ramani ikafunguka, mistari ya rangi, na pale mashariki mwamba umepinda kama mkono wa mtu anayejikuna mgongo. Dada Neema akagusa kioo.

Halafu akasema, "Na printa imekufa."

Kweli. Kuiona tunaiona, kuichapa hatuwezi. Na wakubwa walikuwa wameshasema mapema wanataka karatasi ya kuondoka nayo, kambi haina kompyuta ya kupanda ndege.

Ijumaa yote ndiyo ilikuwa hivi. Dada Neema alikuwa na makaratasi yale ya kuona upande wa pili, ya kunakilia. Tukayabandika juu ya kioo cha kompyuta, yeye anafuata mistari kwa penseli. Kioo cha zamani kilikuwa na kitambi, pembeni mistari inapinda, kwa hiyo unanakili katikati tu, halafu unasogeza ramani kidogo kwenye mashine, unanakili tena katikati. Mimi nashika kona ya juu, Mama Doto kona ya chini, mikono ina unga. Jenereta nalo tukaliwekea mtu wa kulitazama kama mgonjwa, maana likikohoa tena tumekwisha.

"Mama Doto, mkono wako unatetemeka," anasema Dada Neema.

"Si mkono, ni njaa. Nimewapikia watu wazima thelathini tangu asubuhi, mimi sijala."

"Na wewe fundi, acha kupumua kwenye karatasi."

"Nipumue wapi, dada?"

"Pumua ukimaliza."

Vipande vilikuwa ishirini na zaidi. Tukaviunganisha kwa gundi ya unga wa ngano, sayansi ya Mama Doto hiyo. Jumamosi asubuhi akawa anapaka rangi kwa kalamu za watoto wa shule. Saa nne tukasikia ndege.

Walishuka watatu, mkubwa wao mzee mmoja Mzungu mwenye kofia, mwendo wa taratibu. Kiingereza mimi sijui, nilikuwa nafuata nyuso. Ramani imetandikwa mezani, mawe manne pembeni. Mzee akainama, akafuata mstari kwa kidole mpaka pale panapopinda. Akauliza kitu. Dada Neema akajibu. Akauliza tena, akionyesha kwenye gundi, na Dada Neema akaninyooshea mimi kidole.

Nikajua nimekwisha. Yule mzee akaja mpaka nilipo.

"Anauliza kama wewe ndiye uliyeivua printa chipu zake," Dada Neema akasema.

"Mwambie ni mimi. Na mwambie wale watano waliokufa njiani niliwaua mimi, Nairobi hawana kosa."

Akatafsiri. Alitafsiri yote au nusu, mpaka leo sijui. Mzee akanitazama mkononi, nilikuwa bado nina ule waya, nimesahau kuuvua, nautembeza. Akasema neno fupi, wakatoka wote kwenda kwenye mashimo. Walikaa huko mpaka chakula kikapoa. Sikukaa. Nilizunguka hema la jikoni mpaka pakatokea njia, Mama Doto akaniambia baba, utanichimbia mgodi hapa jikoni. Wakarudi, wakakunja ramani, wakapanda ndege bila kuaga mtu, vumbi likatufunika.

Dada Neema akaja anatembea kama siku zote, buti zinaburuta.

"Fundi, rudisha chipu za printa."

"Tumefungwa?"

"Mashimo sita mengine, mashariki. Nairobi wanatuletea nyingine nne Jumatatu. Leo nataka kuchapa kitu kimoja kidogo, kina faili lake peke yake, hakihitaji kumbukumbu nyingi."

Nyie vijana, mengine yote ya kazi nitawaeleza mkija na chai. Lakini haya yashikeni. Gusa chuma kwanza ndipo uguse chipu. Vaa pamba. Huna ile sifongo nyeusi, tumia karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, mimi nimeitumia miaka yote tangu siku ile, watu wakadhani navuta kama treni. Na mteja akikukabidhi kitu kimefungwa kwa namna usiyoielewa, usikisafishe. Muulize. Hivi vitu bado vinapungua, huko mbele vitafungwa kwa namna za ajabu zaidi, na wewe utaona uchafu pale ambapo mwenzako ameweka ulinzi. Mimi sikulala kwa utulivu tangu nijue hilo, na ndiyo maana nilidumu kwenye kazi.

Nikajifunga waya vizuri, nikasubiri jasho likauke. Nikawatoa wale wanne, nikawarudisha kwenye printa, nikaifunika, tukaiwasha. Ikanguruma, ikatoa karatasi moja. Ilikuwa ile pembe ya chini ya ramani peke yake, pale panapoandikwa jina la aliyeichora. Dada Neema akaichukua ikiwa bado ya moto. Akalisoma jina lake mara mbili, akaikunja akaweka mfukoni, halafu akamwambia Mama Doto amletee ugali, hata kama umekuwa tofali tena, ataula hivyohivyo.